Kishikio cha Jagi la Marl Bank

Kufikia Jumatano ile, kituo kizima cha polisi cha Hadderley kilikuwa kimeshakata shauri kwamba mzee Ambrose Fearn alianguka mwenyewe. Mzee wa miaka sabini na ushee, ngazi nyembamba, jagi zito mkononi: sasa hapo mtu aumize kichwa kwa lipi? Tena ulikuwa mwaka wa mgomo wa wachimba makaa, nusu ya askari wamepelekwa kulinda machimbo ya wilaya jirani, na Inspekta Gratton hakuwa na hamu ya kifo chenye maswali. Mahakama ya uchunguzi wa vifo ingekaa kesho yake asubuhi. Akamtuma Sajini Hester Wragg aende kwa dada wa marehemu, amweleze ataketi wapi na ataulizwa nini.

"Na usishinde huko unakunywa chai," akamwambia.

Hester akaenda, na chai akanywa. Ungemkatalia vipi Bi. Lavinia Fearn, bibi wa watu, kasimama mlangoni na aproni yake, macho yamevimba, na birika limeshachemka? Bi. Lavinia hakuolewa. Aliishi na kaka yake, mfamasia mstaafu, katika nyumba waliyozaliwa, na nyumba yenyewe ilikuwa imejaa vyombo vya chumvi kuanzia ukumbini hadi dirisha la chooni. Ndivyo watu wa Hadderley wanavyoviita vile vyombo vya kahawia vya zamani, vya udongo uliochomwa mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Moto ukishakolea, wachomaji walikuwa wakitupa chumvi tanurini kwa makoleo, na mvuke wake ukakivika chombo ngozi ya kung'aa, yenye vijitundu kama ganda la chungwa. Viwanda vilivyovifinyanga vimekufa siku nyingi. Wanaovikusanya wapo bado, wanakutana kila mwezi katika ukumbi wa nyuma ya kanisa, na kwa ajili ya vyombo hivyo wanaweza kununiana miaka.

"Kesho nitasema mwenyewe mbele ya hakimu," alisema Bi. Lavinia. "Sitaki mtu anisemee. Nta yangu ndiyo iliyomuua."

"Nta gani, Bi. Lavinia?"

"Nta ya ngazi. Asubuhi ile nilizing'arisha zote, juu mpaka chini, ndipo nikapanda basi kwenda Matlock, saluni. Ambrose akaniambia, 'Lavinia, siku moja utatuua na ngazi zako.' Nikamjibu, bora tufe mahali pasafi." Akajiziba mdomo kwa kiganja, halafu akakishusha. "Ndiyo maneno niliyomuaga nayo, mwanangu. Hayo."

Hester akaiacha keki kwenye sahani. "Nani kakwambia ni nta?"

"Aniambie nani? Sina macho? Clement wa watu ndiyo kwanza ananibembeleza. Kila siku anakuja na supu. Ananiambia nisijilaumu, hata kama ngazi zilikuwa zinateleza, ni bahati mbaya tu."

Clement huyo ni Clement Heathcote, mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji na rafiki wa Ambrose tangu ujana wao. Nusu ya mji ilifundishwa hesabu naye, Hester mmojawapo. Ndiye peke yake aliyekuwamo nyumbani siku ile. Maelezo yake yalikuwa mafupi na yalinyooka: Ambrose alipanda juu kulichukua jagi lake bora kuliko yote, jagi la Marl Bank, ili walitazame pamoja, yeye Clement akabaki jikoni na birika, akasikia kishindo, akakimbia ukumbini na kumkuta mwenzake chini ya ngazi, ameshakata roho. Alidhani Ambrose alikuwa akishuka amelishika jagi kwa kishikio, kishikio kikakatika, akajaribu kulidaka na mguu ukateleza. Kishikio kilikutwa kwenye ngazi. Vipande vingine vyote vilikuwa chini ya tumbo la marehemu.

Hester akataka kuweka kikombe chake mezani, na mahali hapakuwapo. Akanyoosha mkono kulisogeza jagi dogo lililokuwa pembeni ya sahani ya keki. Vidole ndiyo kwanza vinagusa kishikio.

"Usishike hapo!"

Lo! Mkono wa Hester ukarudi wenyewe. Bi. Lavinia naye akashtuka kwa sauti yake, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Nisamehe, mwanangu. Mazoea. Katika nyumba hii hakuna anayeinua jagi kwa kishikio. Hujui limepitia mikono gani. Pengine kishikio kilikatika zamani, mtu akakiunga kwa gundi na hakusema. Ukilibeba kwa hicho, umebaki na kishikio mkononi na jagi sakafuni. Mkono mmoja tumboni, mwingine chini ya kitako, hivi, unavyobeba kitoto kichanga. Kasisi alijisahau siku moja, hapo hapo ulipokaa wewe. Ambrose alimfokea kama mlevi wa baa."

"Na wenzake chamani?"

"Wote ni hivyo hivyo. Na wakishalibeba wanaligusisha kwenye meno ya mbele, we acha tu! Zamani nilidhani Ambrose kapata wazimu. Ati ngozi ya kweli inagonga jino kama jiwe, na pale palipozibwa na kupakwa rangi panakuwa palaini. Clement pia. Wazee wazima, wanang'atang'ata majagi."

Machale yakamcheza Hester. "Bi. Lavinia, Mwalimu Heathcote anasema kaka yako alikuwa anashuka amelishika jagi kwa kishikio."

"Ndivyo anavyosema."

"Jagi lake bora kuliko yote."

Bibi akazikung'uta chembe za keki ambazo hazikuwapo kwenye aproni.

"Labda alichoka," akasema mwishowe. "Uzee unamsahaulisha mtu. Mwanangu, nisipoamini hivyo, niamini nini?"

Hester akaaga. Akatoka nje, na pale kwenye ukuta wa bustani akamkuta jirani, Bi. Purdy, anang'oa magugu. Bi. Purdy alikuwa ameshahojiwa, na kituoni walimcheka: alisema alisikia kishindo wakati redio inaanza habari za mchana, ilhali gari la wagonjwa lilikuja watoto wanatoka shule. Kizee kiziwi, wakasema, kachanganya saa.

"Sikuchanganya kitu!" Bi. Purdy akamaka. "Nilisikia bwi! Nikajua makaa hayo, yameletwa hatimaye licha ya mgomo huu. Nikatoka mbio na ndoo yangu, kumbe hakuna lori, hakuna nini. Nikasimama nje na ndoo kama mjinga, mtangazaji ndiyo kwanza anataja jina lake. Mtu anasahau aibu yake, afande?"

Hapana, mtu hasahau. Hester akarudi kituoni akitembea upesi kuliko alivyokuja.

Vielelezo vilikuwa stoo, ndani ya boksi la biskuti, kwa sababu maboksi rasmi yalikwenda na askari wa mgomo. Akavipanga vipande mezani juu ya gazeti. Hata likiwa limevunjika lilikuwa jagi la kutamanisha: la kahawia iliyoiva, juu limezungukwa na wawindaji na farasi, chini walevi wamekaa na mapipa yao. Kishikio chake kilikuwa mbwa wa kuwinda, mwembamba, amejinyoosha anachungulia jagini. Kwa kuwa kishikio kilikutwa mbali na vipande vingine, askari walikitia katika mfuko wake peke yake, na hakuna aliyewahi kukiweka pamoja na mwili wa jagi. Kwa nini wahangaike? Kilichovunjika kimevunjika.

Hester akakiweka. Miguu ya mbwa ikakaa sawasawa pale ilipokatikia. Akakitoa tena, akavigeuza vyote viwili kwenye mwanga wa dirisha.

Upande wa mbwa, palipokatika palikuwa peupe, pakavu, pasafi kabisa. Upande wa jagi palikuwa na utando wa njano unaong'aa.

Akapitisha ukucha. Gundi. Na kuzunguka ule mkato ngozi ya jagi ilikuwa kahawia ile ile, lakini vile vijitundu vya ganda la chungwa vilififia, kana kwamba mtu amevifunika. Hester akautazama mlango, akahakikisha Inspekta Gratton hayuko karibu, kisha, jamani, akakiinua kile kipande akakigusisha kwenye meno yake. Kwenye tumbo la jagi kiligonga, jiwe tupu. Karibu na mkato jino likateleza, laini.

Mtu hawezi kuunga vitu viwili kwa gundi, gundi ikakaa upande mmoja tu. Aliyefanya hivyo alikuwa amekisafisha kishikio. Na alikisafisha baada ya kukatika.

Jina la kwanza lililomjia lilikuwa la Roy Tunnicliffe, mchuuzi wa vitu vya kale wa Mtaa wa Kondoo, kwa kuwa asubuhi ile ya kifo watu walimwona mlangoni kwa Ambrose, wanapigiana kelele. Akakibeba kile kipande na kishikio ndani ya mkoba, akaenda dukani kwake. Roy alikuwa amekaa juu ya kochi lisilo na miguu, anakula mkate wa shayiri na jibini.

"Afande Wragg! Umekuja kununua au kunifunga?"

"Itategemea majibu yako. Alhamisi iliyopita uligombana na marehemu."

"Nimegombana naye kila Alhamisi tangu Malkia avikwe taji. Namwambia niuzie lile jagi, ananiambia labda nikifa. Nikamwambia basi fanya haraka, mzee." Roy akakiangalia kipande cha mkate, akakirudisha kwenye karatasi. "Mzaha tu ule. Sikujua atakufa kweli."

"Mchana ulikuwa wapi?"

"Bakewell, mnadani. Nilinunua hili kochi mbele ya ukumbi mzima, na ukumbi mzima ulinicheka. Kaulize."

Hester alikuwa na hakika kwamba akiuliza ataambiwa hivyo hivyo. Akavitoa vile vitu mkobani akavitandaza juu ya kitambaa. Roy akafuta mikono kwenye suruali, na mzaha ukamtoka usoni.

"Ah, masikini, masikini! Ndilo hilo. Marl Bank hasa, usije ukadanganywa na mtu. Ona mbwa: masikio yamelala nyuma, na hana ukosi shingoni. Viwanda vingine vyote vilimvisha mbwa ukosi. Na huyu mlevi kashika kiko mkono wa kushoto. Aliyechonga kalibu alisahau kuwa picha itageuka, na hawakurekebisha mpaka kiwanda kikafa. Yamebaki machache mno, afande."

"Na hiyo gundi?"

Roy akaisogeza dirishani, akainusa, akaikwangua kidogo. "Mpya hii. Gundi za zamani zilichemshwa kwa kwato, zinakuwa nyeusi kama chai iliyolala. Hii ni ya tyubu mbili unazichanganya, ya juzijuzi, miezi michache. Na aliyepaka rangi anajua kazi, lakini hakuwa na muda." Akainua macho. "Ambrose hakujua habari hii. Angejua angetangaza kwa kila mtu. Chamani kwao ukivunja chombo ukakiri, wanakupa pole na chai. Ukivunja ukaficha, wewe umekufa. Mwaka jana walimfukuza Stanley Orme kwa ufa mmoja alioupaka rangi. Mtu aliyekaa nao miaka na miaka! Siku hizi akiwaona anavuka barabara."

"Jagi hili lilitoka nyumbani mwaka huu?"

"Mara moja tu, kiangazi. Lilikwenda kwenye maonyesho ya maktaba." Roy akasita. Hakuwa mtu wa kusita. "Clement Heathcote ndiye aliyelipeleka na kulirudisha. Ambrose hakumwamini mwingine."

Hester akaomba kutumia simu ya duka, akampigia daktari aliyeupasua mwili. Daktari alikuwa na haraka, akajibu kwa kifupi: damu ilivuja ndani ya kichwa, polepole. Hapana, hakufa papo hapo. Ndiyo, aliandika hivyo, ila hakuna aliyemuuliza. Je, angefikishwa hospitali ya Chesterfield mapema? "Ningempa nafasi nzuri, Sajini. Nzuri sana."

Njia nzima ya kwenda kwa Mwalimu Heathcote Hester alitamani awe amekosea. Mtu huyu ndiye aliyemfundisha kugawanya. Ndiye aliyemwambia baba yake, mchimba makaa, kwamba binti huyu asitolewe shule. Kama kulikuwa na njia nyingine ya kuzipanga hesabu hizi angeifuata, hata kama ni ndefu, na alizipanga na kuzipangua mpaka alipofika mlangoni, jibu likawa lile lile.

Mwalimu alimfungulia akiwa na mwiko mkononi. Jikoni palinukia supu ya liki na viazi.

"Hester! Ingia, ingia. Ya Lavinia hii, nampelekea jioni. Hali kitu, yule."

"Mwalimu, nataka unieleze tena ya siku ile."

"Nimeeleza, binti yangu."

"Nieleze tena. Ambrose alilishikaje jagi?"

"Kwa kishikio. Nadhani. Nilikuwa jikoni, sikuona."

"Umemjua tangu ujana. Uliwahi kumwona akilishika hivyo?"

Mwalimu akageukia sufuria, akakoroga. "Mtu akizeeka..."

"Kishindo ulikisikia saa ngapi?"

"Muda mfupi kabla sijapiga simu. Nilikimbilia simu moja kwa moja."

"Bi. Purdy alikisikia habari za mchana zinaanza. Alitoka na ndoo akidhani makaa yameletwa. Wewe ulipiga simu watoto wanatoka shule."

"Dot Purdy hasikii hata kengele ya kanisa."

Hester hakubishana naye. Akakifunua kitambaa juu ya meza, kipande huku, kishikio huku. Akakirudisha mbwa mahali pake, akakiondoa.

"Upande huu una gundi. Huu hauna. Nifanyie hesabu hiyo, Mwalimu. Mimi imenishinda."

Mwalimu Heathcote alitazama mezani. Halafu akazima jiko, akaweka mwiko juu ya kisahani ili usichafue, akavuta kiti. Alipokaa alionekana mzee kupita kiasi, na Hester akajisikia vibaya kwa kumfikisha hapo.

"Lilinitoka kwenye ngazi za maktaba," alisema Mwalimu. "Siku ya kulirudisha. Si mwili, kishikio tu, kiligonga chuma cha mkono wa ngazi. Sauti ndogo sana ile, Hester. Nililia kama mtoto. Nikasema namwambia Ambrose jioni hii. Kisha nikasema naliunga kwanza, halafu namwambia. Na nilipomaliza kuliunga lilikuwa zuri mno, mtu asingejua. Nikanyamaza."

"Akajua."

"Alichelewa tu. Lilikaa juu kabatini kiangazi chote. Alhamisi ile tulipanda wote wawili kulitazama. Alilibeba kama tunavyobeba, hapo juu kwenye kichwa cha ngazi, kwenye mwanga, akalipeleka menoni." Mwalimu akagusa meno yake bila kujua. "Uso ukambadilika. Hakunifokea. Aliniuliza tu, 'Clem, ni wewe?' Angenifokea ningevumilia. Nikasema nipe nikueleze, nikalishika. Yeye anavuta, mimi navuta. Na mimi, mimi mwenyewe, nililishika kwa kishikio. Kikakatika. Akaenda nyuma na jagi lake kifuani."

"Hakuteleza."

"Hapana. Ni mimi niliyevuta."

"Ukashuka."

"Nikashuka. Amelala kifudifudi, anakoroma. Nikamwita, akanisikia. Akasema..." Akakisogeza kipande cha jagi kwa kidole. "Akasema, 'Clem, achana na jagi. Si kitu.' Maneno hayo hayo. Nikamwambia nakuja sasa hivi, Ambrose, nakuja. Nikapanda tena juu. Kwenye kabati lake la dawa kulikuwa na asetoni. Nikaanza kuitoa gundi."

Hester alidhani ameshasikia mengi katika kazi hii. "Anapumua, nawe unasafisha kishikio?"

"Wangekuja watu. Wangekiona. Stanley Orme, mimi ndiye niliyesimama nikasema afukuzwe. Mimi, Hester! Nilisema mtu anayeficha hafai kukaa nasi meza moja. Nikajiambia dakika mbili tu. Lakini gundi hizi za siku hizi hazitoki upesi, inabidi uloweke, ukwangue, uloweke tena. Kila mara nasema sasa napiga simu. Na upande wa pili sikuweza, ulikuwa chini yake, ningemgeuza ningemtazama usoni. Niliposhuka hakuwa anakoroma tena."

Hester akageuza macho ukutani. Saa ya ukutani, waliyomzawadia shuleni alipostaafu, ilikuwa imesimama tangu zamani.

"Alikuwa na nafasi ya kupona," Hester akasema. Hakukusudia kumuumiza, aliona tu kwamba ana haki ya kujua. "Daktari anasema angepona."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa alama alizokwisha kuzijua. "Lavinia anajua?"

"Lavinia anajua kwamba kamuua kaka yake kwa nta. Kesho angesimama mbele ya watu akasema hivyo. Na wewe ulikuwa unamwachia."

"Sikumwambia ni nta."

"Hukumwambia siyo."

Hilo ndilo lililomvunja. Akalala na uso juu ya mikono, pale pale kati ya vipande vya jagi, na Hester akamwacha alie mpaka aliponyamaza mwenyewe. Kisha akampa koti lake na kumsomea haki zake, kila neno, kama kazi inavyotaka. Mwalimu alisikiliza kwa makini. Mlangoni akaomba supu ipelekwe kwa Lavinia. Hester akasema haitawezekana.

Inspekta Gratton alizisikiliza habari akiwa amekunja uso, akainua kile kishikio, akakiweka chini. "Kwa chungu," akasema. "Mtu na akili zake." Akampa Hester ruhusa ya kwenda kumwambia bibi kabla giza halijaingia, kwa kuwa kesho yangesemwa yote mahakamani mbele ya mji mzima, na ni afadhali yamfikie leo, kwake, na mlango umefungwa.

Bi. Lavinia alikuwa amepanga mabakuli mawili mezani. Hester akaketi upande wa pili, akamshika mikono, akamwambia kwanza lile lililokuwa zuri.

"Si nta, Bi. Lavinia. Sikiliza. Hakuteleza. Ngazi zako hazikumfanya kitu."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Kuna mtu amekiri."

Bibi akafumba macho. Mabega yaliyokuwa juu wiki nzima yakashuka, na kwa muda ule mfupi, mfupi sana, uso wake ukawa wa mtu aliyepata usingizi. Halafu akayatazama mabakuli mawili. Hakuwa mjinga.

"Clement amechelewa," akasema.

"Hatakuja."

Hester akamweleza. Hakuficha gundi, hakuficha kabati la dawa, wala mkoromo. Angeweza kuficha kidogo leo, lakini kesho angeyasikia kwa wageni, na wageni hawana huruma. Bi. Lavinia hakupiga kelele. Mara moja tu aliuondoa mkono wake, akausogeza mbali ule mkebe Clement alioletea supu ya jana, mpaka mwisho wa meza.

"Nimekula chakula chake," alisema. "Kila jioni. Huku namshukuru."

"Pole, Bi. Lavinia."

"Nilimhurumia. Nilisema huyu naye kabaki peke yake kama mimi." Akatafuta leso mfukoni, asiione, akafuta pua kwa aproni. "Rudia yale aliyosema Ambrose. Pale chini."

"'Clem, achana na jagi. Si kitu.'"

"Alisema si kitu?"

"Alisema."

Bi. Lavinia akayazungusha macho sebuleni: juu ya kabati, kwenye rafu, dirishani, ukumbini, kila mahali ambapo kwa maisha yake yote alipita ubavu ubavu na kitambaa cha vumbi, asiguse.

"Mwanangu," akasema, "tangu nikiwa msichana nimengoja nimsikie Ambrose anasema neno hilo. Na siku aliyolisema, mimi niko Matlock, natengenezwa nywele."